Kupanga kamusi katika Python: nani wa kwanza, nani wa pili?



Katika namba hii tunapenda kueleza jambo moja lenye wengi wametuuliza tangu masomo ya ordinateri yaanze: namna gani tunaweza kupanga kamusi katika luga ya Python? Wengine watasema, hayo ni mambo ya wale wenye kukaa mbele ya masini, sisi hayatuhusu. Tunasema hapana. Palmaresi ya mwisho wa mwaka ni kamusi yenye imepangwa. Liste ya wenye wamelipa minervali ni kamusi. Liste ya watoto wenye watapewa musaada wa masomo ni kamusi vilevile, na wanaokatwa katika liste ile ni wale wa chini. Kama mwenye kuandika programu amepanga vibaya, mutoto mumoja anakosa nafasi yake, na muzazi mwenye aliuza mbuzi kusudi mutoto asome anarudi nyumbani na huzuni ya bure. Basi musome, hata ninyi wenye hamujagusa klaviye. Mutu anaweza kufuata yote kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tuseme kidogo juu ya Python yenyewe. Ni luga ya kuandikia programu. Guido van Rossum, mutu wa Uholanzi, alianza kuitengeneza mwisho wa mwaka 1989 kule Amsterdam, na mwaka 1991 watu wengine wakaipata na kuanza kuitumia. Jina lake halitoki kwa nyoka chatu, hata kama wachoraji wanapenda kuchora nyoka juu ya vitabu vyake. Linatoka kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa televizyo ya Uingereza.

Sasa, kamusi. Muwaze sanduku la fishi katika ofisi ya sekreteri. Juu ya kila fishi kuko jina, na chini ya jina kuko pointi. Ukitaka pointi za mutu, unatafuta jina lake, unasoma, umekwisha. Katika Python sanduku hilo linaandikwa hivi:

    alama = {"Furaha": 72, "Amani": 58, "Élie": 81, "Baraka": 72, "Neema": 64}

(Majina ni ya mufano tu. Mutu asitafute nafasi yake hapa.) Jina la kushoto tunaliita ufunguo, namba ya kuume tunaiita thamani. Ukiandika alama["Neema"], masini inajibu 64 mara moja. Na inajibu upesi hata kama majina ni elfu kumi, kwa sababu haisomi fishi moja moja toka mwanzo. Inachukua jina, inalifanyia hesabu fulani, hesabu ile inatoa namba, na namba inaonyesha katika kasha gani kitu kimewekwa. Ni kama mutu mwenye anajua tayari shemeji yake anakaa nyumba gani: hapigi hodi kwa kila mulango wa avenue.

Kuko jambo moja la kuangalia mbele ya kwenda mbali. Ufunguo hauwezi kuwa mara mbili. Kama katika kalasi kuko Furaha wawili, na wewe unaandika jina "Furaha" mara mbili, Python haisemi kitu, haipigi kelele. Inafuta pointi za wa kwanza na kuweka za wa pili, na mutoto mumoja ametoka katika kalasi bila mutu kujua. Ni nani kati yetu hajui kalasi yenye wako Baraka watatu? Kwa kazi ya kweli ufunguo uwe namba ya matrikule, na jina liwekwe pembeni pamoja na pointi. Hapa tunabaki na majina kwa sababu yanasomeka vizuri.

Basi, kupanga. Jina "kamusi" linadanganya watu. Kamusi ya Kifaransa yenye iko katika biblioteke yetu imepangwa toka A mpaka Z, kwa hiyo mutu anafikiri kamusi ya Python nayo inajipanga. Haijipangi. Ya zamani haikuwa hata na mupango wenye mutu anaweza kuutegemea: uliandika Furaha, Amani, Élie, na masini ikakuonyesha Élie, Furaha, Amani, kwa kufuata yale makasha tu. Toka Python 3.3 ya mwaka 2012 ikawa zaidi: hesabu ile ya kasha ilichanganywa kwa makusudi kila mara programu inapoanza, kusudi watu wabaya wasiweze kuchagua majina yenye yote yanaangukia kasha moja na kuchosha masini. Kwa hiyo programu ileile, leo ilionyesha mupango huu, kesho mupango mwingine. Walimu wengi waliteswa na jambo hilo.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 2012 Raymond Hettinger alitoa wazo la kujenga kamusi kwa namna nyingine, yenye inakula nafasi kidogo zaidi: vitu vyenyewe vinawekwa kwa mustari mumoja kama vilivyokuja, na makasha yanashika tu namba ya kila kitu katika mustari. Python 3.6 ya mwaka 2016 ilifuata namna hiyo, na faida moja yenye haikuwa ndiyo shabaha ya kwanza ikapatikana: vitu vinabaki katika mupango wenye viliingia. Toka Python 3.7, mwaka 2018, hiyo ni sheria ya luga yenyewe. Lakini mushike vizuri: mupango wa kuingia si mupango wa alfabeti, wala si mupango wa pointi. Ni kama watu katika mustari wa kuchota maji. Aliyefika kwanza yuko mbele, hata kama ni mufupi.

Kwa hiyo mutu mwenye anataka mupango anapaswa kuuomba. Wengi wanajaribu kuandika alama.sort() kama wanavyofanya na orodha. Python inakataa, inasema kamusi haina kitu kinachoitwa sort. Chombo cha kweli ni sorted. Hiki hakigusi sanduku lenyewe. Kinaandika orodha mupya pembeni na kukupa. Sanduku la sekreteri linabaki kama lilivyokuwa, na hiyo ni vizuri.

    sorted(alama)

Jibu:

    ['Amani', 'Baraka', 'Furaha', 'Neema', 'Élie']

Muangalie vizuri. Kwanza, pointi zimepotea. Ukimupa sorted kamusi nzima, anaona funguo tu. Pili, Élie yuko mwisho! Kwa nini? Kila mutu wa kalasi ya kwanza anajua E inakuja mbele ya F.

Sababu ni hii. Masini haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ina namba yake: A ni 65, Z ni 90, a ndogo ni 97, na É yenye alama juu ni 201. Sorted inalinganisha namba hizo tu, basi É inakwenda nyuma ya Z, tena nyuma ya herufi ndogo zote zisizo na alama. Na kama sekreteri ameandika "amani" na a ndogo, Amani naye anashuka toka wa kwanza mpaka nyuma ya Neema. Kwa watu wa Uingereza hii si shida kubwa, majina yao hayana alama nyingi. Kwa sisi wenye kuandika majina kwa namna ya Kifaransa, Élie, Éric, Évariste wote watatupwa chini ya liste kila mwaka, na kama wanaitwa kwa liste ile kupokea vitabu, watakuta vitabu vimekwisha.

Shida ya herufi kubwa na ndogo ni nyepesi. Tunamwambia sorted aangalie jina kama lingeandikwa lote kwa herufi ndogo:

    sorted(alama, key=str.lower)

Neno key hapo linataka kusema: "kabla ya kulinganisha, pitisha kila kitu kwanza hapa." Jina lenyewe halibadiliki, ni macho ya mwenye kupanga tu yanabadilika. Neno hili ndilo roho ya mambo yote yenye tutasema leo, mulishike.

Kwa alama juu ya herufi, tunaandika kazi ndogo yetu wenyewe. Python ina chombo chenye kuvunja É kuwa vitu viwili, E ya kawaida na alama yake pembeni. Kisha tunatupa alama:

    import unicodedata
    def bila_alama(jina):
        vipande = unicodedata.normalize("NFD", jina)
        return "".join(h for h in vipande if not unicodedata.combining(h)).lower()

    sorted(alama, key=bila_alama)

Sasa jibu ni Amani, Baraka, Élie, Furaha, Neema. Na katika liste jina lake linabaki Élie na alama yake.

Tuingie sasa katika kazi kubwa, kupanga kwa pointi. Tunahitaji jina na pointi pamoja. Kamusi inatoa jozi zake tukisema alama.items(), na kila jozi ni kama ("Neema", 64). Python inahesabu toka 0, kwa hiyo katika jozi p, jina ni p[0] na pointi ni p[1]. Basi:

    sorted(alama.items(), key=lambda p: p[1], reverse=True)

Neno lambda linaogopesha watu bure. Ni kazi ndogo tu isiyo na jina, yenye kusema: "ukipewa jozi p, angalia p[1]." Na reverse=True inageuza, kusudi wakubwa watangulie. Bila hiyo, wa mwisho wa kalasi angesomwa wa kwanza. Jibu:

    [('Élie', 81), ('Furaha', 72), ('Baraka', 72), ('Neema', 64), ('Amani', 58)]

Inaonekana vizuri. Wengi wanaishia hapa, wanachapa karatasi, wanaandika 1, 2, 3, 4, 5 pembeni. Lakini hapa ndipo uzalimu unaweza kuingia kimya kimya, na tunaomba ruhusa ya kukaa hapa kidogo.

Furaha na Baraka wote wako na 72. Kwa nini Furaha yuko mbele? Si kwa akili, si kwa bidii, si kwa alfabeti. Ni kwa sababu fishi yake iliandikwa mbele ya fishi ya Baraka. Sorted ina tabia yenye inaitwa utulivu: vitu viwili vikiwa sawasawa, vinabaki katika mupango wenye vilikuwa nao. Tabia hiyo ni nzuri, na Python imeahidi kuishika siku zote. Lakini kama zawadi inapewa wawili wa kwanza, Furaha anapewa na Baraka anakosa kwa sababu tu ya namna sekreteri aliokota karatasi juu ya meza siku ile. Na hakuna mutu atajua, kwa sababu wote watasema: "ni ordinateri imepanga."

Wengine wanajibu: basi tupange wenye kulingana kwa alfabeti. Inawezekana. Tunampa key vitu viwili, na masini inalinganisha cha kwanza. Vikiwa sawa, inaangalia cha pili:

    mpango = sorted(alama.items(), key=lambda p: (-p[1], bila_alama(p[0])))

Ile alama ya kutoa mbele ya p[1] inafanya kazi ya kugeuza: 81 inakuwa -81, yenye ni ndogo kuliko -72, kwa hiyo inatangulia. Hatuwezi kutumia reverse=True hapa, maana ingegeuza majina nayo, na Furaha angekuja tena mbele ya Baraka. Sasa Baraka yuko mbele, na karatasi itatoka namna moja kila siku, hata nani ameandika fishi. Hiyo ni faida kubwa: mutu mwingine akifanya kazi tena anapata jibu lilelile.

Lakini je, ni haki? Kwa maoni yetu, alfabeti ni njia ya kupanga mistari juu ya karatasi tu, haiwezi kuwa sababu ya kumupa mutu nafasi ya pili na mwingine ya tatu. Kama sivyo, wenye jina la A na B watakuwa na bahati maisha yao yote, na akina Zawadi watalia. Wenye pointi sawa wawe ekseko: wa pili na wa pili, na anayefuata awe wa nne. Sorted haijui nafasi, inajua mupango tu. Nafasi tunazihesabu wenyewe:

    nafasi = 0
    zilizopita = None
    for i, (jina, pointi) in enumerate(mpango, start=1):
        if pointi != zilizopita:
            nafasi = i
            zilizopita = pointi
        print(nafasi, jina, pointi)

Tufuate polepole. Neno i linahesabu mistari: 1, 2, 3, 4, 5. Kila mara tunauliza: pointi hizi ni tofauti na za mutu aliyepita? Kama ndiyo, nafasi inakuwa namba ya mustari. Kama hapana, nafasi haiguswi. Kwa Élie, mustari wa 1, nafasi ni 1. Kwa Baraka, mustari wa 2, pointi zimebadilika, nafasi ni 2. Kwa Furaha, mustari wa 3, pointi hazikubadilika, nafasi inabaki 2. Neema yuko mustari wa 4, nafasi ni 4. Karatasi inatoka hivi:

    1 Élie 81
    2 Baraka 72
    2 Furaha 72
    4 Neema 64
    5 Amani 58

Hapo mutu anaweza kusimama mbele ya wazazi bila aibu.

Kuko shimo lingine, na hili ni baya zaidi kwa sababu halionekani kwa mufano mudogo. Tutoke kidogo katika shule, twende kwenye maziwa ya upande wetu wa mashariki. Tuandike kina cha kila ziwa kwa metre, pale penye maji yanakwenda chini zaidi. (Vitabu vya jiografia vinatofautiana kidogo, sisi tumechukua namba hizi.)

    kina = {"Kivu": "485", "Tanganyika": "1470", "Albert": "58", "Edward": "112"}
    sorted(kina.items(), key=lambda p: p[1], reverse=True)

Masini inajibu:

    [('Albert', '58'), ('Kivu', '485'), ('Tanganyika', '1470'), ('Edward', '112')]

Ziwa Albert linashinda Tanganyika! Mwalimu wa jiografia ataanguka toka kiti chake. Tatizo ni yale mapigo mawili pembeni ya kila namba. Kwa Python "58" yenye mapigo si namba, ni neno, kama vile "mbuzi". Na maneno yanalinganishwa herufi kwa herufi toka kushoto: 5 iko mbele ya 4, na 4 iko mbele ya 1, imekwisha. Haiangalii kama neno ni refu ao fupi. Kwa namna hiyohiyo mwanafunzi mwenye "100" angewekwa chini ya mwenye "72", na mwenye "9" angekuwa wa kwanza wa kalasi, ashangiliwe na wote.

Mutasema, nani ataweka mapigo pembeni ya pointi? Hakuna mutu anaweka kwa mukono. Yanakuja yenyewe. Kila kitu chenye mutu anaandika kwa klaviye na programu inakipokea kwa input() kinafika kama neno. Kila kitu chenye kinasomwa toka faili la maandishi kinafika kama neno. Na kama pointi zote ziko kati ya 10 na 99, maneno na namba vinapangwa sawasawa, kwa hiyo programu inaonekana nzuri miaka miwili, mitatu, mpaka siku yenye mutoto mumoja anapata 100 ao 8. Dawa ni kugeuza:

    sorted(kina.items(), key=lambda p: int(p[1]), reverse=True)

Sasa ni Tanganyika, Kivu, Edward, Albert, kama maji yenyewe yalivyo. Kwa pointi zenye nusu tunatumia float pahali pa int. Lakini sisi tunaandika 72,5 na virgile, kwa namna ya Kifaransa, na Python inataka nukta. Ukimupa "72,5" anakataa kabisa na programu inasimama. Tunabadilisha kwanza: float(p[1].replace(",", ".")). Kukataa kule ni kuzuri. Ni afazali programu yenye kusimama na kulia kuliko yenye kukupa ziwa Albert.

Tena kuko wenye hawakufanya egzameni. Mutoto alishikwa na malaria, alilala hospitali wiki ya egzameni. Katika sanduku pointi zake zimeandikwa None, maana yake "hakuna kitu". Ukijaribu kupanga, Python 3 inasimama, inasema haiwezi kulinganisha None na namba. Python ya zamani, ile ya 2, haikusimama: iliweka None chini ya namba zote bila kusema kitu. Watu wengine wanaponya shida kwa kuandika 0 pahali pa None. Tunakataa. Sufuri ni pointi ya mutu mwenye alikaa mbele ya karatasi na hakujua, huyu hakukaa. Kama mumeweka 0, mutoto anasomwa wa mwisho wa kalasi mbele ya watu wote, na asilimia ya kalasi nzima inashuka naye. Njia nzuri ni kuwatenga kwanza:

    waliofanya = {j: p for j, p in alama.items() if p is not None}
    wasiofanya = [j for j, p in alama.items() if p is None]

Kisha munapanga wale wa kwanza, na wale wengine munawaandika chini pembeni, bila nafasi, wakingoja egzameni yao.

Wengine wanauliza: nikitaka jibu liwe kamusi tena, si orodha ya jozi? Toka 3.7 ni rahisi, kwa sababu kamusi inashika mupango wa kuingia:

    palmaresi = dict(sorted(alama.items(), key=lambda p: p[1], reverse=True))

Lakini muangalie mambo mawili. La kwanza: kwa Python kamusi mbili zenye vitu vilevile ni sawa, hata kama mupango ni tofauti. Ukiuliza kama palmaresi == alama, inajibu ndiyo. Mupango haukuhesabiwa. La pili ni kubwa zaidi. Tuseme Amani ameleta rekursi, mwalimu ameangalia karatasi tena, kumbe si 58, ni 85. Tunaandika palmaresi["Amani"] = 85. Pointi zinabadilika, lakini Amani anabaki palepale, mustari wa mwisho, chini ya Neema mwenye 64. Kamusi haikujipanga mara ya kwanza, haitajipanga mara ya pili. Kila rekursi yenye imekubaliwa, palmaresi ipangwe upya toka mwanzo, na nafasi zihesabiwe upya, kwa maana Élie sasa si wa kwanza tena.

Kazi ya ndani ya sorted tutaisema kwa ufupi. Namna yake ilitengenezwa na Tim Peters mwaka 2002, na watu wanaiita Timsort. Inatafuta vipande vyenye vimekwisha kujipanga, kisha inaviunganisha, kama vile wanafunzi wawili wenye mafungu mawili ya fishi yaliyopangwa, kila mara wanachukua ile iliyo mbele kati ya mbili za juu. Kwa vitu 1000 vyenye vimechanganyika inalinganisha karibu mara 9.000, kwa vitu 1000 vyenye vimepangwa tayari, mara 999 tu. Ilikuwa nzuri hata watu wa Java wakaichukua mwaka 2011 kwa luga yao. Na kama mutu anataka watatu wa kwanza tu, kuko heapq.nlargest, lakini kwa shule ya wanafunzi mia nne hakuna haja: sorted inamaliza mbele ya wewe kuondoa kidole juu ya klaviye.

Kwa wenye kupenda kujaribu, hii ni kamusi ya milima yetu, kwa metre:

    milima = {"Nyiragongo": 3470, "Karisimbi": 4507, "Mikeno": 4437, "Nyamulagira": 3058}

Mupange kwanza kwa jina, kisha toka mulima murefu mpaka mufupi. Kisha mwongeze "Margherita" wa Ruwenzori, 5109, katika kamusi yenye mumekwisha kuipanga, na museme utaonekana mustari wa ngapi, na kwa nini. Majibu yaandikwe juu ya karatasi na kuletwa kwetu mbele ya namba inayofuata.